Msaada: arki ya biskuti kwa juisi ya vepu, nitajuaje kama tatizo ni arki au ni kipimo changu?

Kipimajoto

Wakuu, habari za leo. Naomba msaada wa wanaochanganya juisi ya vepu wenyewe nyumbani.

Nina arki ya biskuti ya siagi, chupa ya mililita 30, lebo inasema imeyeyushwa kwenye PG (propilini glikoli). Nimechanganya mililita 10 kwa asilimia 8, VG (gliserini ya mimea) 70 kwa PG 30, bila nikotini na bila arki nyingine yoyote. Nilihesabu kwa matone. Siku ya kwanza ladha ilikuwa ya bisi zilizokaribia kuungua, na ukitolea mvuke puani inabaki harufu ya samli iliyochacha. Baada ya wiki bisi zimefifia, lakini sasa kuna utamu mzito tu, biskuti yenyewe haipo. Koili imeshika ukoko mweusi. Tangi ni la mililita 2, koili oumu 0.8, wati 28.

Je, arki hii ni mbovu au mimi ndiye sijaipima sawasawa? Na mnaipimaje arki mpya kabla ya kuiingiza kwenye mchanganyiko wenye arki nne au tano? Pia kuna mtu kaniambia niongezee arki ya vanila ya keki, hii ya kawaida ya jikoni, ili iwe laini. Inafaa? Niko Uingereza, kwa hiyo vifaa vinapatikana.

MizaniSahihi

Mkuu, usiihukumu bado. Asilimia 8 ni nyingi kwa arki nyingi za kuokwa zikiwa peke yake, na arki za kampuni mbalimbali hazilingani nguvu hata kidogo. Sugar Cookie ya Capella (Marekani) wengi huitumia kati ya asilimia 3 na 6. Cookie ya FlavourArt (Italia) inatosha kwa 1 hadi 2. Biscuit ya Inawera (Poland) hata nusu asilimia unaisikia. Ukichukua kipimo cha moja ukakihamishia kwa nyingine, umeshaipa ya pili sura isiyo yake. Na arki ikizidi ladha haizidi: viungo vikali vinafunika vile laini, ulimi unachoka, unabaki na utamu na ukali peke yake. Hicho ndicho unachokieleza.

Achana na matone. Tone la arki nyepesi na tone la VG havina ukubwa mmoja, na mdomo wa chupa nao unabadilisha ukubwa. Nunua mizani ya kusoma gramu 0.01, upime kwa uzito. Mililita moja ya VG ina gramu 1.261, ya PG gramu 1.036, na arki ichukulie gramu 1 kwa mililita. Kosa lake ni dogo mno kwa kazi hii.

Tengeneza chupa tatu za mililita 10, zote VG 70. Ya asilimia 2: arki gramu 0.20, PG 2.90, VG 8.83. Ya asilimia 4: arki 0.40, PG 2.69, VG 8.83. Ya asilimia 6: arki 0.60, PG 2.49, VG 8.83. Arki inatangulia. Ikikuponyoka ukatia 0.46 badala ya 0.40, bado hujaharibu kitu, unapiga hesabu upya na kuongeza PG na VG kulingana nayo. Ukiitia mwisho ikazidi, chupa nzima imekwenda. VG ipashe kidogo kwa kuiweka chupa kwenye maji ya moto ya bomba, itamiminika bila mapovu mengi. Tikisa dakika mbili kamili kila chupa. Halafu andika kwenye lebo: jina la arki, asilimia, tarehe. Chupa isiyo na tarehe haina faida kwenye kazi hii.

Kwa arki kali za nusu asilimia, mizani ya 0.01 haikufikishi. Gramu 0.05 ikikosea kwa 0.01 tayari umekosea kwa moja ya tano. Punguza nguvu kwanza: gramu 1 ya arki ndani ya gramu 9 za PG, tikisa, kisha tumia gramu 0.50 ya huo mchanganyiko pale ulipotaka 0.05, na upunguze PG ya chupa kwa gramu 0.45, maana ndiyo PG iliyomo humo.

Bi_Karafuu

Nitangulize la vanila ya keki: usitie. Arki ya jikoni inaweza kuwa na mafuta, sukari, rangi, maji au gundi ya kushikamanisha mafuta na maji. Tumboni havina neno. Mapafuni mafuta hayana pa kwenda, na nimonia inayotokana na mafuta ni ugonjwa halisi, si kitisho cha mtandaoni. Sukari inaungua kwenye koili. Hata zile chupa za wauza vifaa vya keki zilizoandikwa "emulsion" ni za unga na oveni peke yake. Na ile alama kwamba kiungo kinatambuliwa kuwa salama kwenye chakula inazungumzia kula, haizungumzii kuvuta.

Sasa arki yako. Kabla ya kuonja chochote, mwombe muuzaji karatasi ya usalama ya arki hiyo hiyo, si ya "familia" yake. Majina yanabadilikabadilika, kwa hiyo tafuta namba za CAS (namba ya utambulisho ya kila kemikali): 431-03-8 ni diasetili, 600-14-6 ni asetili propionili (wengine huiandika 2,3-pentanidioni), 513-86-0 ni asetoini. Hizi ndizo zinazotoa siagi. Mwaka 2000 watu 8 waliowahi kufanya kazi kwenye kiwanda kimoja cha bisi huko Jasper, Missouri, waligundulika kuwa na ugonjwa wa vijia vidogo vya hewa kuziba, na uchunguzi ukaelekea kwenye mvuke wa ladha ya siagi yenye diasetili. Kweli, moshi wa sigara nao una diasetili, tena nyingi. Lakini anayejichanganyia mwenyewe ana uhuru wa kuchagua, na haimgharimu kitu kuchagua arki isiyo nayo.

Kumbuka pia kanuni za Uingereza za mwaka 2016 zinahusu juisi yenye nikotini. Chupa ya arki tupu inayouzwa kama ladha haikupitia ukaguzi huo. Kazi ya kuikagua ni yako.

Muuzaji asiyeweza kukupa karatasi hiyo, mwache. Hili kwangu halina mjadala.

FundiKoili

Nakubaliana na wote wawili, naongezea upande wa kifaa, kwa sababu tangi lako halifai kwa kupima. Tangi lina pamba moja kwa wiki nzima, na ladha ya jana inakaa ndani. Pia arki tamu inaweka ukoko, na ukiendelea kuvuta unaonja ukoko badala ya arki.

Tumia atomaiza ya kudondoshea, ile isiyo na tangi. Koili moja ya waya wa Kanthal geji 26, mizunguko 7 kwenye kijiti cha milimita 3, inakupa karibu oumu 0.9. Wati 20 hadi 25 zinatosha. Kila arki, na kila asilimia, pamba mpya. Kati ya moja na nyingine toa pamba, washa koili kwa vipindi vifupi mpaka iwe nyekundu sawasawa, izime, isuuze kwa maji, ikaushe. Hiyo ni kwa Kanthal na chuma cha pua kwa joto la wastani. Waya wa nikeli tupu au titani usiuchome hivyo.

Lowanisha pamba kabisa kabla ya pumzi ya kwanza. Pamba kavu inaungua, na hapo utaandika "ladha ya kuungua" kwenye daftari huku kosa ni la pamba. Zaidi ya hapo, kuvuta pamba iliyokauka ni kuvuta aldehidi kali, hakuna sababu ya kujifanyia hivyo.

Anza na asilimia 2, panda 4, kisha 6. Ukianza na kali, ile hafifu hutaisikia. Kunywa maji katikati, na usipime arki zaidi ya tatu kwa kikao kimoja. Vuta polepole, toa nusu ya mvuke puani, kwa sababu biskuti inakaa puani zaidi kuliko ulimini. Ukimaliza zile wati 20, rudia kwa 30. Arki za kuokwa zinabadilika sana kwa joto: upande wa ukoko na unga uliokaangika unatokea juu, upande wa siagi na vanila unatokea chini. Kama inapendeza kwa wati 20 na inachoma kwa 30, hiyo ni habari muhimu kuliko kusema tu "nzuri" au "mbaya".

Kunusa chupa hakutoshi. Chukua kipande cha karatasi nyeupe isiyo na harufu, kichovye, kinuse pale pale, baada ya nusu saa, na kesho yake. Cha mwanzo ni vile vinavyoruka haraka. Kinachobaki kesho yake ndicho kitakachobaki kwenye juisi baada ya wiki mbili.

Kipimajoto

Asanteni sana. Muuzaji amenitumia karatasi. Inataja PG, vanilini, ethili maltoli, asetili pirazini (22047-25-2), asidi ya butiriki na asetoini. Diasetili haimo, wala asetili propionili. Naisomaje?

Bi_Karafuu

Umeshajibiwa nusu ya swali lako, ndugu yangu. Nenda nayo kimoja kimoja.

Asetili pirazini ndiyo bisi zako. Kwa kiasi kidogo mno inaleta ukoko wa mkate na karanga zilizokaangwa, ndiyo inayokufanya uamini kuna kitu kimetoka oveni. Ikizidi kidogo tu inageuka bisi, halafu chipsi za mahindi. Kwenye asilimia 8 ya arki, hapo ndipo ulipofika.

Asidi ya butiriki ndiyo samli iliyochacha. Diasetili inapoondolewa, asidi hii ni njia mojawapo ya kurudisha siagi. Ikiwa chache inatoa utajiri wa maziwa, ikizidi inanuka matapishi. Inafifia juisi inapokaa, lakini haiondoki yote.

Ethili maltoli ndiyo utamu mzito ulioubakiza. Ina harufu ya sukari iliyopikwa, na ina tabia moja mbaya: ikizidi inazima arki nyingine zote. Kwa hiyo biskuti haijatoweka, imefunikwa. Vanilini ndiyo inayobadilisha rangi kuwa kahawia, na pamoja na utamu inachangia ukoko wa koili. Rangi hiyo peke yake si dalili ya kuharibika. Kwenye baridi vanilini inaweza kutoa chembe nyeupe chini ya chupa ya arki. Ipashe kwa maji ya uvuguvugu na uitikise kabla ya kupima, la sivyo nusu ya kwanza ya chupa na nusu ya mwisho zitakuwa arki mbili tofauti.

Inayonisumbua mimi ni asetoini. Yenyewe ni nafuu kuliko diasetili, ila kwenye juisi inageuka diasetili polepole kadiri inavyokaa, na nikotini inaharakisha. Kwa hiyo karatasi iliyosema "hamna diasetili" ilikuwa kweli siku arki ilipojazwa. Haikuahidi chochote kuhusu juisi iliyokaa kabatini wiki sita.

Na ujue karatasi ya usalama haitaji kila kitu. Inataja vile vya hatari vinavyovuka kiwango fulani. Kutokutajwa hakumaanishi hakimo kabisa. Kama unataka uhakika omba pia cheti cha kipimo cha maabara cha toleo lako, namba ya toleo ikiwa imeandikwa.

MizaniSahihi

Hapa kuna mgongano unaofaa kuzungumzwa waziwazi. Ladha za kuokwa zinahitaji kulazwa, yaani juisi iachwe ikae kwanza. Matunda unavuta siku hiyo hiyo, biskuti na keki huwezi. Siku ya kwanza zile nyepesi na kali, pamoja na alkoholi kama ipo, zinaongoza. Kati ya siku ya 7 na ya 21 vanilini na krimu zinajitandaza, pirazini inatulia, na sehemu ya vanilini inaungana na PG yenyewe na kuwa kitu kingine chenye harufu ya upole zaidi. Ndiyo maana onja siku ya 1, 7, 14 na 21, na usiandike hukumu kabla ya siku ya 14.

Ila ukilaza arki yenye asetoini, ndivyo unavyoipa muda wa kugeuka. Maoni yangu: kwa kupima, ilaze siku 14 bila nikotini, mahali pa giza na pasipo joto. Kwa matumizi ya kila siku tafuta isiyo na asetoini.

Wanaopika chupa kwenye maji ya nyuzi 60 kwa saa kadhaa ili "iive" haraka wanafukuza harufu za juu na kuichosha nikotini. Maji ya uvuguvugu dakika 15, kwa ajili ya kulainisha VG ichanganyike, yanatosha. Maikrowevu usikaribie.

FundiKoili

Mimi nalaza kwa siku nyingi zaidi ya MizaniSahihi, ila sina ubishi naye kwenye asetoini.

Kwa wengine watakaosoma na kununua zenye mdalasini: sinamaldehidi inapasua matangi ya plastiki, polikaboneti na akriliki. Tumia kioo, na kaa chini ya asilimia 1 kwa arki za mdalasini mtupu. Ikikwaruza koo usiseme ni nikotini, pima kwanza bila nikotini. Hii ni sababu nyingine ya kupima arki zote kwa sifuri: nikotini ina pilipili yake, inakuchanganya.

Kipimajoto

Nimeelewa. Nikiona ile ya asilimia 2 au 4 ina biskuti ila tamu mno, narekebishaje? Na nikitaka nikotini miligramu 3 baadaye? Kuna pia binamu yangu Kampala anataka nimpelekee chupa.

MizaniSahihi

La Kampala ni fupi: sheria ya kudhibiti tumbaku ya Uganda ya mwaka 2015 inakataza kuingiza na kuuza sigara za kielektroniki. Usimpelekee, utamtia matatani uwanja wa ndege.

Nikotini: vichupa vya Uingereza ni mililita 10 na havivuki miligramu 20 kwa mililita. Kile cha 18, ukitaka miligramu 3 kwenye mililita 10, unatia mililita 1.67. Kichupa kizima kikiingia kwenye mililita 50 za juisi isiyo na nikotini unapata 60 zenye miligramu 3. Kumbuka kinapunguza nguvu ya arki, kwa hiyo kama ulitaka asilimia 4 mwishoni, zile 50 zianze na asilimia 4.8. Soma kama kichupa ni cha VG au PG, kinabadilisha uwiano. Glavu mkononi, watoto mbali, ikimwagika kwenye ngozi osha hapo hapo kwa maji mengi.

Kurekebisha: usitie kitamu chochote. Sukralosi hapo itaua koili ndani ya siku chache, na tayari una ethili maltoli ya kutosha. Asetili pirazini pia usiongeze, wengi huitia kwenye biskuti kwa mazoea na wewe unayo tayari. Unachohitaji ni ukavu. Shusha arki yako mpaka 2.5, ongeza Biscuit ya Inawera kwa 0.5, ambayo inaleta kaki kavu na kuukata ule utamu. Kama bisi bado zinachungulia, krimu laini ya asilimia 1 inazituliza, ila isome karatasi yake kwanza, maana krimu na kastadi ndizo zilikuwa makao ya diasetili. Capella waliitoa Vanilla Custard upya kama v2 kwa sababu hiyo, na ya zamani bado inauzwa, kwa hiyo tazama namba kwenye lebo.

Badilisha kitu kimoja kila mara. Ukishusha arki na kuongeza mbili nyingine kwa pamoja, hutajua ipi imefanya kazi.

Bi_Karafuu

Na kama asilimia 2 kwa siku ya 14 bado ina samli iliyochacha, iache. Asidi ya butiriki ikisikika kwenye asilimia 2 hakuna krimu ya kuifunika, utakuwa unamwagia VG nzuri juu ya arki isiyofaa.

Usiitie kwenye keki nayo, kama lebo haisemi ni ya chakula.

Kipimajoto

Sawa, Bi Karafuu. Mizani nimeagiza. Chupa tatu natengeneza ikifika, na ile ya asilimia 8 naimwaga. Nitaleta majibu ya siku ya 1 na ya 14 hapa hapa, kwa wati 20 na 30.

FundiKoili

Usiimwage. Chukua gramu 3 zake, ongeza PG gramu 0.78 na VG gramu 2.22. Umepata karibu asilimia 4 iliyokwisha kukaa wiki moja, utaionja sambamba na ile mpya ya asilimia 4 na kuona muda peke yake umefanya nini. Kwa kuwa ile ya kwanza ulihesabu kwa matone, andika kwenye lebo "takriban 4" na usiitumie kuamua kipimo.